Malewa Huanza Kufungwa Jikoni

Muuza samaki haingii kwa mlango wa mbele. Mimi ninauza sambaza, wabichi na wakavu, kwa wapishi wa kando ya barabara ya taifa namba 2, kuanzia Kavumu na Katana huko Kabare mpaka Ihusi, Nyabibwe na, njia ikiruhusu, Minova, huko Kalehe, Kongo mashariki. Ninapitia nyuma, kwenye majivu, masufuria na madumu ya maji. Mteja anaona meza na sahani. Mimi ninaona gunia la makala, yaani mkaa, limebaki kiasi gani, mafuta yamekaangiwa mara ngapi, na nani anashika pesa. Ndiyo maana mara nyingi ninajua kwamba malewa fulani, yaani mgahawa wetu mdogo wa kando ya njia, inaelekea kufungwa wakati mteja bado anasifu mchuzi, na mwenyewe bado anapanga kuongeza viti.

Mlango ukishafungwa, watu hutafuta sababu kwenye chakula, au kwa jirani mwenye kijicho. Katika wote niliowauzia sikumbuki aliyefunga kwa sababu bugali wake ulikuwa mbaya. Mama wa Kalehe amejifunza kupika tangu utoto. Sombe yake ya majani ya muhogo, maharagi yake, lengalenga yake havina neno. Kinachofunga mgahawa ni pesa inayotoka bila kuandikwa, na biashara iliyoegemea aina moja tu ya mteja. Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu yote mawili yanaweza kurekebishwa, na kwa sababu ninajua kinachopotea. Malewa moja ikifungwa, watoto wa nyumba ile wanakosa minervali, yaani karo ya shule, wasichana wa jikoni wanarudi kwao mikono mitupu, na mzee anayeleta kuni na maji anapoteza mteja wake wa kila asubuhi.

Dalili ya kwanza ni kipimo. Mama aliyekuwa akichukua beseni zima la sambaza anaanza kuchukua kwa mkebe wa maziwa ya Guigoz: mikebe miwili asubuhi, mmoja tena saa sita. Makala aliyonunua kwa gunia sasa anayanunua kwa mafungu. Mafuta yanakuja kwenye kifuko kidogo cha nailoni. Ukimuuliza atasema anapunguza matumizi, na anaamini hivyo. Lakini anayenunua kidogo kidogo hulipa bei ya juu kuliko wote. Beseni lina bei yake na mkebe una bei yake, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake. Amefika hapo kwa sababu pesa ya kununulia mzigo imekwisha, na kila siku anayonunua kwa mkebe inapunguza pesa ya kesho. Nikiona mikebe wiki mbili mfululizo, huwa ninaketi na kuuliza taratibu: mama, pesa ya beseni imekwenda wapi?

Dalili ya pili hushangaza wengi: orodha ya vyakula inakua. Mahali palipouza bugali, sambaza na sombe, ghafla pana wali, chipsi, mishikaki ya mbuzi, hata keki. Mwenye mgahawa ameona wateja wamepungua, akafikiri wanataka vitu vingine. Lakini kila chakula kipya kinadai mafuta yake, sufuria yake, makala yake, na mabaki yake ya jioni. Hapa hatuna umeme wa kutegemea wala friji. Kinachobaki usiku kinaliwa na watu wa nyumbani au kinatupwa. Mpishi wa vyakula vitatu anajua kila siku apike kiasi gani. Mpishi wa vyakula kumi anabahatisha kumi.

Sasa nieleze habari ya mwezi wa angani, kwa sababu ni hesabu ambayo kila mpishi wa kando ya ziwa anaweza kuifanya na wachache wanaifanya. Sambaza hawakuwa wa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, wakawa chakula cha kila nyumba kuanzia Bukavu hadi Goma. Wanavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa haziwaiti tena. Wavuvi wanapumzika au wanarudi na kidogo. Kwa hiyo kila mwezi, bila kukosa, kuna siku ambazo bei ya sambaza inapanda, na kalenda inatuambia mapema ni zipi.

Tuchukue mfano, tarakimu ziwe za kurahisisha hesabu. Sahani ya bugali na sambaza inauzwa faranga 3,000. Usiku wa giza samaki wa sahani moja wamegharimu 1,000, unga 500, makala 250, mafuta na nyanya na kitunguu na chumvi 350. Jumla 2,100. Zinabaki 900. Ukiuza sahani 40, mkononi una faranga 36,000 za kulipia nyumba, wasichana wa jikoni, maji, sabuni, patenti, yaani kodi ya mfanyabiashara mdogo, na wewe mwenyewe. Mwezi unapanda, na samaki wale wale sasa ni 1,700. Sahani imegharimu 2,800. Zinabaki 200. Uza zile zile 40, na mkononi kuna faranga 8,000, ambazo hazitoshi hata kulipa waliokusaidia kupika. Meza zimejaa, watu wanasubiri nafasi, na mwenyewe anarudi nyumbani akiwa na upungufu. Asipoandika, ataona wingi wa watu tu, na mwisho wa mwezi atashangaa kodi imekwenda wapi.

Kupandisha bei hakuwezekani kirahisi. Mchukuzi wa mizigo ana zile 3,000 alizozizoea. Lakini sahani inaweza kubadilishwa. Kuna mama mmoja huko Katana ambaye siku za mwezi mpevu hauzi sambaza wabichi kabisa. Anapika maharagi, na sombe iliyotiwa sambaza wakavu aliowanunua kwangu siku za giza, bei ikiwa chini, akawatunza juu ya moshi. Wateja wake wameshaizoea kalenda yake, na wengine wanaisubiri ile sombe. Ninampa bei nzuri ya wakavu kwa sababu anachukua wengi kwa mara moja, na sijawahi kumwona akinunua kwa mkebe.

Huyo huyo ndiye aliyenionyesha jambo gumu kuliko mwezi, nalo ni ndugu. Mgahawa hapa kwetu haufunguliwi na mtu mmoja. Unafunguliwa mbele ya ukoo. Watoto wakitoka shule wanapita kula. Shemeji akitoka Idjwi na mtumbwi wa mananasi anapita kula. Mgonjwa wa jirani anapelekewa uji. Msiba ukitokea, mkono unaingia kwenye sanduku la mauzo, kwa sababu hakuna sanduku jingine. Elimu ya msingi katika shule za serikali imetangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini sekondari inalipiwa, na siku mtoto anaporudishwa nyumbani, mama anatoa pale pale penye pesa ya unga. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo. Mimi mwenyewe nimekula sahani nyingi jikoni kwa watu na nimeshukuru. Shida ni kwamba hayaandikwi, na wazee walishatuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mama wa Katana ana makopo matatu ya maziwa kwenye kabati. La kwanza ni la mzigo: samaki, unga, makala. La pili ni la nyumba na patenti. La tatu ni mshahara wake, kiasi kile kile kila Jumamosi, na matatizo yote ya ukoo yanatoka humo tu. Likiisha limeisha. Siku moja nilikuwa nimeketi nikihesabu mikebe, shemeji yake akaingia na rafiki.

“Shemeji, karibuni, kaeni mle,” akawaambia, akawapakulia vizuri, nyama ya juu.

Walipomaliza akachukua daftari. “Sahani hizi mbili naziandika kwa jina langu, Shemeji. Zitatoka kwenye mshahara wangu.”

Yule shemeji hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Kumbe unajilipa mshahara?” Wiki iliyofuata alileta mananasi mawili. Nimelisimulia jambo hilo kwa wapishi wengi, kwa sababu wengi wanaogopa kwamba daftari litawagombanisha na ndugu. Kinachogombanisha ni kukataa chakula. Kuandika hakumnyimi mtu bugali.

Ninawashauri pia waingie kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo huku tunaviita AVEC. Vina sanduku lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, watu wanaweka kila wiki, na mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka, wanagawana. Faida kubwa kwa mwenye malewa si riba. Ni kwamba pesa inaondoka jikoni kila wiki na kwenda mahali ambapo msiba, mgeni na tamaa havifiki kwa usiku mmoja. Tahadhari yangu ni moja: usikope kwenye sanduku ili kununua samaki wa leo. Samaki wa leo walipaswa kulipiwa na samaki wa jana. Mkopo ni wa sufuria kubwa, wa bati, wa jiko linalokula makala kidogo.

Halafu kuna deni la wateja. Afisa, mwalimu, askari, dereva: anakula, anasema, “Mama, andika, mwisho wa mwezi.” Walimu wetu wa vijijini wamezoea mishahara inayochelewa, na siwezi kumlaumu mtu mwenye njaa ambaye mwajiri wake hajamlipa. Ila kuna jambo nimeliona mara nyingi mno na kila mwenye mgahawa alijue. Mtu mwenye deni kubwa haji tena. Anaona aibu. Akipata faranga 3,000 taslimu, anazipeleka kwa jirani yako asikodaiwa, anakula huko. Umepoteza pesa, na mteja naye umempoteza. Kwa hiyo deni liwe dogo kiasi kwamba mdaiwa anaweza kulibeba akapita mbele yako bila kuinamisha kichwa. Mpishi mmoja wa Ihusi ameweka kikomo cha sahani tano kwa kila mtu, awe mkubwa au mdogo, na kikomo hicho ameking’ang’ania hata mbele ya wakubwa wenye sauti. Wateja wake wanalipa kwa sababu tano zinalipika.

Yote hayo ni ya ndani. La nje ni lile la kuegemea mteja mmoja, na kwa hilo hakuna mahali pa kujifunza kama Nyabibwe.

Nyabibwe iko Kalehe, na juu yake kuna Kalimbi, machimbo ya kasiteriti, yaani mawe ya bati. Wachimbaji wakiwa na kazi, Nyabibwe inakula. Mtu anayeshuka mlimani akiwa ameuza mfuko wake hatafuti chakula cha bei rahisi; anataka nyama, anataka bia ya Primus baridi, na anawalipia rafiki zake. Migahawa ikazaliwa kwa ajili yake. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti madini yanayotoka maeneo ya vita kwetu. Septemba 2010 Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011, lakini kufikia Aprili wanunuzi wakubwa wa ng’ambo walikuwa wamejiondoa wakihofia sheria ile. Mambo yalianza kufunguka tena Kalimbi mwaka 2012, ulipoletwa mpango wa kuweka alama kwenye kila mfuko ili ijulikane umetoka wapi.

Hesabu ni karibu miaka miwili. Hakuna malewa inayoweza kungoja miaka miwili. Mpishi wa Nyabibwe hakuwahi kuisikia sheria ile, hakuijua Washington, na bado ndiyo iliyoondoa watu kwenye meza zake. Waliosimama, kwa wale ninaowajua, ni waliokuwa na mteja mwingine: aliyewapikia mafundi na madereva wa magari ya Goma, aliyepeleka sufuria sokoni siku ya soko, aliyekuwa na shamba la muhogo na kupika muhogo wake mwenyewe. Waliopika kwa ajili ya mchimbaji peke yake walifunga.

Somo hilo limerudi mara nyingine na linaendelea kurudi. Luhihi, kule Kabare, dhahabu ilipoonekana umati ukafurika mlimani, na Machi 2021 serikali ya jimbo ikasimamisha uchimbaji. Aliyekuwa ameweka chungu pale kwa ajili ya umati alibaki na chungu. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, ilipoondoka Kivu ya Kusini kufikia mwisho wa Juni 2024, iliondoka na wafanyakazi waliokuwa wakila Bukavu na Kavumu kila mchana. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na magari ya miradi yakapungua barabarani. Mtu wa mradi ni mteja mzuri: analipa, anaomba risiti, harudi na deni. Lakini mradi una tarehe ya kwisha, na imeandikwa kwenye karatasi. Mwenye mgahawa anayo haki ya kumuuliza, “Kaka, mradi wenu unaisha lini?” Nimemwona mama akiuliza hivyo, na akapata jibu la kweli, akajua asijenge chumba cha pili.

Hata barabara yenyewe ni mteja mmoja. Mvua ikiikata, magari hayapiti, na wasafiri wa Bukavu na Goma wanapanda mashua, wakatupita mbali katikati ya maji. Mgahawa unaomtegemea msafiri tu utafungwa na tope.

Kuna usemi kwamba migahawa yote hufa mwaka wa kwanza, na usemi huo unawavunja moyo vijana na kuwapa wakopeshaji sababu ya kukataa. Wamarekani walikuwa na usemi kama huo, wa tisa kati ya kumi. Mwaka 2005 H. G. Parsa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha uchunguzi wa migahawa ya mji wa Columbus kati ya 1996 na 1999. Walikuta iliyofungwa au kubadilisha mmiliki mwaka wa kwanza ni kama robo. Baada ya miaka mitatu ikafika karibu sita kati ya kumi. Walipozungumza na wenye migahawa, walioanguka na waliosimama, wakaona kwamba chakula kizuri peke yake hakikuwaokoa watu, kwamba wengi walioanguka hawakuweza kusema wazi wanauza nini na kwa nani, na kwamba mzigo wa nyumbani uliwalemea wengi. Columbus ina umeme, benki na barabara za lami. Lakini niliposomewa habari hiyo niliwatambua watu wangu. Wengi hawafi mwaka wa kwanza. Wanachoka mwaka wa pili na wa tatu, pesa ya akiba ya kuanzia ikiwa imekwisha na inayotoka kila siku ikiwa haijaandikwa.

Ni lazima niseme pia kuna kufunga ambako hakuna somo la kumpa mwenyewe, na ni dhuluma kumtafutia kosa. Machi 2020 serikali ilifunga migahawa na baa nchi nzima kwa sababu ya korona. Ziliruhusiwa tena tarehe 22 Julai. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishusha maji na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Walikufa watu zaidi ya 400, na wengi hawakupatikana mpaka leo. Waliokuwa wakipika siku ile walikuwa wamepika kwa wingi kwa sababu ya soko, kama inavyompasa mpishi mwenye akili. Sitaki kusikia mtu akiniambia wangejenga mahali pengine, kana kwamba ardhi ipo ya kuchagua.

Na mwaka 2025 vita vilishuka na barabara yetu hii hii. Waasi wa M23 waliingia Minova Januari, Nyabibwe mwanzoni mwa Februari, kisha Kavumu, na Bukavu katikati ya mwezi huo. Watu walikimbia, na maghala ya Bukavu yakaporwa, yakiwemo ya Mpango wa Chakula Duniani. Benki zikafunga milango, noti zikaadimika. Mteja alikuwa na pesa kwenye simu na hana ya mkononi. Wakala alimkata kamisheni kubwa ili amtolee. Mimi nilitaka noti kwa sababu mvuvi alitaka noti. Migahawa ilifungwa huku wateja wakiwepo na njaa ikiwepo. Katika siku hizo niliona kitu kimoja tu cha kusaidia: makubaliano kati ya watu wanaojuana. Mpishi alinilipa kwa unga, nikamlipa mvuvi kwa unga, mvuvi akanipa samaki. Wale waliokuwa na jina zuri kwetu, waliokuwa wakilipa madeni yao madogo kwa wakati, ndio tuliowapa mzigo bila kuwa na uhakika wa kesho. Jina hilo walilijenga miaka ya amani.

Jambo la mwisho ni kufunga kwenyewe. Kwetu kufunga mgahawa kunahesabiwa aibu, na kwa sababu ya aibu hiyo watu wanachelewa. Wanauza mbuzi ili kununua unga, wanauza mabati ya nyumba, wanaweka rehani shamba la baba. Malewa ambayo ingefungwa na hasara ya mwezi mmoja inafungwa na hasara ya miaka. Ninawaambia wapishi wangu waweke mpaka mapema, siku wakiwa na furaha: nikishindwa kulipa mzigo kwa wiki nne mfululizo bila kugusa mali ya nyumbani, ninasimama. Masufuria hayaozi. Mama mmoja wa Nyabibwe alisimama hivyo, akawaita waliokuwa wakimdai, mimi nikiwemo, akatuonyesha daftari na kutupangia atalipa vipi. Alitulipa wote kidogo kidogo kwa kuuza sombe iliyokwisha kutwangwa. Aliporudi kupika, hakuna muuzaji aliyemkatalia.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja na mke wake walinijia. Wameona nyumba karibu na kivuko cha Ihusi, wanataka kufungua mgahawa wa mchana, na mwenye nyumba anadai garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi sita. Niliwaomba wasitoe kitu kwanza. Wakae pale Jumatatu hadi Jumapili, saa tano mpaka saa nane, wahesabu watu wanaoketi na kulipia chakula, si wanaopita. Walipomaliza, yule mke alikuja na karatasi. Abiria wa mashua walikuwa wengi, lakini karibu wote walishuka na kukimbilia pikipiki, wengine wakiwa na chakula chao kwenye mfuko. Alikuwa ameongeza kitu ambacho sikumwomba: alikuwa amefika pia saa kumi na moja alfajiri. Wavuvi wanaorudi ziwani na wachukuzi wanaosubiri mizigo walikuwa wanatetemeka kwa baridi, na palikuwa na mwanamke mmoja tu mwenye birika.

“Yaya,” akaniambia, “mchana hapa hakuna mtu wetu. Mtu wetu ni wa alfajiri.”

Sasa wanauza chai, uji na mandazi chini ya turubai, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu, na sambaza wanachukua kwangu siku ya soko tu, beseni moja. Pesa ya garanti iko kwenye sanduku la AVEC. Mwenye nyumba ameshuka mpaka miezi mitatu. Nimewaambia wasubiri mgao wa Desemba, na kabla ya kusaini waulize paa linavuja wapi na nani analipia ukarabati.